Mwacheni Atafute Kosa Lake

"Tumeelewa?" "Ndiyo mwalimu!" Kiitikio hicho husikika kila siku katika madarasa yetu ya Hisabati, na mara nyingi ni uongo. Jioni daftari la yule mmoja aliyepata linazunguka bweni zima, wenzake wananakili mpaka alichokosea. Matokeo ya Kidato cha Nne yakitoka, F zimejaa, nasi tunashangaa. Tunashangaa nini?

Tumemfundisha mtoto kwamba jibu ni mali ya mwalimu. Yeye kazi yake ni kuandika, kukusanya daftari na kungoja vema au kosa.

Mtazame wa Kidato cha Pili anayeandika (x + 3)² = x² + 9. Mwalimu anamkata kwa wino mwekundu, anamwandikia jibu sahihi, mtoto analinakili, na kwenye mtihani anakosea vilevile. Hakuna aliyemwambia: weka 1 mahali pa x, uone. Kushoto unapata 16, kulia 10. Kwa nusu dakika, bila mwalimu wala tuisheni, angejua mwenyewe kwamba kuna 6 imepotea. Akiweka 2, inapotea 12. Sasa anaitafuta, na akiipata ile 6x hataisahau, kwa sababu ameitolea jasho. Mwanahisabati George Pólya alilisema hili mwaka 1945: hatua ya mwisho ya kutatua swali ni kurudi nyuma na kulikagua jibu. Hatua hiyo sisi tumempokonya mtoto tukampa mwalimu.

Na fimbo imezidi kuharibu. Mtoto anayechapwa kwa kukosa hatajaribu tena; atanakili, kwa kuwa jibu la kuazima halina viboko.

Najua mtanijibu kwamba madarasa yamefurika. Ndiyo! Ndiyo maana hasa: mwalimu mmoja hawezi kusahihisha rundo lile la madaftari kwa haki, na kwenye chumba cha mtihani hatakuwepo kabisa.

Walimu, wiki hii rudisheni madaftari bila vema wala kosa. Andikeni tu chini ya ukurasa: "Kuna makosa mawili hapa. Yatafute." Nanyi wazazi, kabla ya kulipia tuisheni nyingine, acheni kumuuliza mtoto amepata ngapi. Muulizeni amejuaje kwamba jibu lake ni sahihi, kisha nyamazeni mpaka aeleze.