Jezi za Mheshimiwa

Kuna desturi imeota mizizi kuanzia Chanika ya Handeni hadi Manundu ya Korogwe, na hakuna anayeikemea kwa sababu kila mara huja na makofi. Uchaguzi ukikaribia, au siku mkubwa fulani akitaka kukumbukwa, hutolewa seti ya jezi na mipira miwili. Nahodha hupokea kwa mikono yote miwili, picha hupigwa, na timu ya mchangani ambayo juzi haikuwa na nyavu za goli hutangaza kwamba sasa imepata mwenyewe. Jina la mfadhili huchapwa kifuani kwa herufi kubwa, jina la timu likasukumwa mgongoni juu ya namba. Mwaka wa pili jezi zimechanika makwapani, mheshimiwa ama amekipata alichokuwa akikitafuta ama amekikosa, na timu haipo tena. Vijana walewale huunda nyingine yenye jina jipya, wakaanza upya kubisha hodi kwa wakubwa. Wazee walisema mtegemea cha ndugu hufa maskini. Huyo angalau alikuwa na ndugu. Sisi tunamtegemea mtu ambaye husomewa jina la mtaa wetu na msaidizi wake ndani ya gari.

Neno langu ni fupi, ingawa najua litawaudhi wengi. Timu ni ya wale wanaoilipia ada na kuandikwa katika daftari lake. Isiyo na wanachama, isiyo na mweka hazina wala mkutano mkuu, hata ikifunga mabao kumi kwa mechi, haijawa klabu. Ni vijana waliovalishwa na mtu, na aliyewavalisha anaweza kuwavua.

Mkoa huu wa Tanga una ushahidi wa kutosha. Mkonge uliletwa na Dakta Richard Hindorf mwaka 1893, na reli ya Mjerumani ilipofika Korogwe mwaka 1902, ardhi kubwa ikageuzwa mashamba. Baadaye, enzi za Mwingereza na baada ya uhuru, watu wa makambi walicheza kandanda chini ya kivuli cha kampuni: uwanja wa kampuni, mpira wa kampuni, lori la kampuni la kuwapeleka mechi ya ugenini. Katikati ya miaka ya 1960 nchi ilikuwa ikitoa zaidi ya tani laki mbili za mkonge kwa mwaka. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 zilikuwa zimebaki kama tani elfu ishirini tu. Bei ya dunia ilianguka, nyuzi za plastiki zikaingia, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967 kisha yakadorora. Mwajiri alipoishiwa, lori halikuja tena Jumapili, na timu iliyokuwa ikingoja lori ikawa haina pa kwenda. Jambo hilo halikuwa la mkonge peke yake. Wenye umri wanakumbuka majina yaliyotikisa ligi ya taifa: Ushirika ya Moshi, RTC Kagera, Bandari ya Mtwara. Mashirika yalipofilisika au kubadilishwa, timu zilizikwa kaburi moja nayo.

Sasa watazame jirani zetu wa Tanga mjini. African Sports, Wana Kimanumanu, walianza mwaka 1936. Coastal Union, Wagosi wa Kaya, mwaka 1948, nao wakachukua ubingwa wa nchi mwaka 1988. Wameshuka daraja, wamepanda, wamegombana wao kwa wao hadi majirani wakaziba masikio, lakini wapo. Yanga ya 1935 na Simba ya 1936 zilianzishwa na watu wa kawaida wa Dar es Salaam, wala hawakuwa matajiri. Klabu hizi zimepata wafadhili wengi na kuwazika wengi, kwa sababu chini ya mfadhili kulikuwa na wanachama wenye kadi, wanaojua kupiga kura na wanaojua, ikibidi, kumfukuza mwenyekiti. Mwaka 1988 hauwezi kufutwa Tanga, kwa kuwa wapo watu ambao mwaka huo ni wao.

Atasema mtu: mbona Mtibwa Sugar ni timu ya kiwanda na ilitwaa ubingwa mara mbili mfululizo, 1999 na 2000? Ni kweli, na hongera kwao. Lakini kiwanda hicho kinasaga miwa, na wachezaji wake ni wa kulipwa. Sisi tunazungumzia timu za ridhaa za Kabuku, Mkata, Mombo na Hale, ambako hakuna anayelipwa na hakuna kiwanda kilichoahidi kitu. Asiye na mwajiri akiiga maisha ya mwenye mwajiri, hiyo ni nguo ya kuazima, nayo, walisema wahenga, haisitiri matako.

Kwa wanaopenda mifano ya mbali, tuvuke bahari mpaka kwa huyohuyo Mjerumani aliyetujengea reli kwa jasho letu. Katika mji wa Hannover kuna klabu ya raga, ule mchezo wa mpira wenye umbo la yai ambao watu kumi na watano wanakabana na kumi na watano. Ilianzishwa mwaka 1878 na vijana wa shule wakiongozwa na Ferdinand-Wilhelm Fricke, na leo inaitwa DSV 78. Pigeni hesabu: klabu hiyo ilizaliwa miaka saba kabla Carl Peters hajapata hati ya mfalme wake ya kujitwalia nchi zetu. Utawala wa Wajerumani huku ulikuja ukaondoka, Kaisari akaanguka, vita viwili vikubwa vikapita na Hannover ikapigwa mabomu hadi katikati ya mji ikawa kifusi. Klabu ya wale vijana ipo. Na raga Ujerumani si mchezo wa kutajirisha mtu. Kandanda imeufunika kabisa, hata Hannover 96 inayojulikana leo kwa kandanda ilianza kwa raga na riadha kabla ya kuhama. Kilichowaweka hai ni ada ya kila mwaka, mkutano wa wanachama na daftari. Sheria yao ya kiraia, iliyoanza kutumika mwaka 1900, inataka watu saba tu ili chama kisajiliwe. Saba! Timu yoyote ya Korogwe ina wachezaji wa akiba wanaokaribia idadi hiyo.

Nao pia, msidhani ni malaika. Miaka ya karibuni raga ya Heidelberg ilipata tajiri wa vinywaji aliyemwaga fedha, na klabu aliyoifadhili ikatwaa ubingwa mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2017 tajiri na chama cha taifa wakafarakana, wachezaji waliokuwa wakiajiriwa upande wa tajiri wakakataa kucheza mechi ya taifa dhidi ya Chile, ikabidi waokotwe wengine, wakafungwa. Basi hata penye fedha za kufunika meza, anayelipa zumari ndiye anayechagua wimbo, na siku akikasirika hakuna wimbo.

Najua jibu linalongoja mdomoni: watu wetu maskini, watalipa ada kwa fedha gani? Hapa lazima niseme bila kupepesa. Watu wa Handeni na Korogwe ni wakarimu na wana moyo wa kuchangia kupita wengi. Kadi ya harusi haizungushwi ikarudi tupu. Msiba ukitokea Jumanne, Jumatano watu wameshaleta unga, maharage na sufuria. Kina mama wana vikoba ambavyo haviruki wiki, na katibu wao, mara nyingi mama ambaye hakumaliza darasa la saba, anaweza kukutajia nani anadaiwa shilingi ngapi tangu Ramadhani iliyopita. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba tunacho. Tumekiweka mahali pengine tu.

Na kwa kuwa nimefika hapo, siwezi kupita bila kusema kilichokimeza kibaba hicho kwa vijana wa kiume. Ni mkeka. Kijana asiye na shilingi elfu ya ada ya mwezi ya timu ya mtaani kwake anayo elfu ya kubeti kila siku ya Mungu. Anajua kipa wa tatu wa Manchester United ana maumivu ya goti gani, lakini muulize jina la katibu wa timu anayoichezea, atakutazama kama umemuuliza jina la bibi wa jirani. Jioni kibanda umiza kimejaa hadi wengine wanachungulia dirishani, na uwanja wa mtaa una watoto watatu na mbuzi. Wapo wanaosema ni burudani tu. Burudani gani ambayo mshindi wake wa kudumu ni mwenye kampuni? Kama fedha hiyo ingepita kwa mweka hazina wa timu kwa msimu mmoja tu, viatu vingenunuliwa, na nauli ya kwenda Segera kucheza isingetafutwa kwa mheshimiwa. Nimetoka nje ya njia kidogo, lakini mkeka nao hulimeza daftari.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi, na wenye kulisema wana haki: fedha za timu huliwa na viongozi. Huliwa kweli. Lakini sababu yake inajulikana na wazee waliisema zamani, mali bila daftari hupotea bila habari. Waislamu wanajua kwamba aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ile ya Al-Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Wakristo wanajua habari ya bwana aliyerudi safarini akataka hesabu ya talanta zake. Hakuna dini kati yetu iliyofundisha kwamba fedha ya jumuiya iwekwe mfukoni mwa shati la mwenyekiti. Anayekula fedha ya timu hulindwa na ukimya wetu: hatuombi risiti, hatuiti mkutano, kisha tunanung'unika kijiweni. Baraza la Michezo la Taifa lina sheria yake tangu 1967 na kuna Msajili wa vyama vya michezo. Chama kilichosajiliwa kina katiba, na mwanachama anaweza kuishika katiba ile na kusimama nayo mkutanoni. Mwaka 2017, klabu kubwa zilipoanza kutafuta wawekezaji, kanuni za serikali zilitaka asilimia 51 ibaki mikononi mwa wanachama. Timu ya kwetu isiyo na orodha ya wanachama, hiyo asilimia 51 ataishika nani?

Na asiseme mtu kwamba mambo ya katiba na ada ni ya Wazungu. Babu zetu wa pwani walicheza beni, Marini na Arinoti, ngoma zilizofika Tanga na miji mingine mapema karne iliyopita, na zilikuwa na vyeo, viongozi, michango na utaratibu wa kusaidiana kwenye misiba. Hawakungoja gavana awanunulie mabaragumu. Zanzibar, kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa kilianza mwaka 1905 kama klabu ya watu waliojuana, na hadi leo kinapiga. Miaka zaidi ya mia moja! Masultani wamepita, mapinduzi yamepita, vinanda vimebadilishwa mara ngapi, na wanachama wanapokezana. Haya ni yetu wenyewe. Tuliyaacha pale tulipozoea kuamini kwamba kila jema lazima lishuke kutoka juu na lije na mpiga picha.

Kwa hiyo, vijana wa Manundu, wa Mtonga, wa Chanika na wa Mkata, mnaocheza bila mshahara kwa sababu mnaupenda mpira, ninyi ndio mlio karibu zaidi na wale wa Hannover wa 1878 kuliko timu nyingi za ligi kuu. Nunueni daftari la kurasa mia mbili. Andikeni jina la kila mchezaji na kila mzee anayekaa kwenye magogo kuwatazama, mpangieni ada asiyoshindwa, mumpe risiti. Andikeni matokeo ya kila mechi, nani alifunga na nani alioneshwa kadi nyekundu, maana timu nyingi za wilaya hizi zimekufa na hakuna anayejua hata zilianza lini. Chagueni mweka hazina ambaye si ndugu wa mwenyekiti. Na mheshimiwa akija na jezi zake msimfukuze, hiyo si adabu ya watu wa Tanga. Mpokeeni kwa heshima, mpeni kiti na maji ya kunywa, kisha mweka hazina amfungulie daftari: alipe ada ileile ya muuza mahindi wa stendi, aandikwe kwenye mstari unaofuata, na mkutano mkuu ukifika aje anyooshe mkono kama wengine akitaka kusema.