Moshi wa Magari Nyanda za Juu
Umoja wa Ulaya hupima moshi wa magari mapya yakiwa barabarani, wala si maabarani pekee; lakini kipimo hicho hukomea mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Nairobi, ndugu wasomaji, i takriban mita 1,700. Huko hewa ni nyepesi, oksijeni haba, na injini kuukuu ya dizeli hutoa masizi zaidi ikielemewa na mlima. Baridi ya alfajiri nayo huchelewesha kisafishio kilichomo katika bomba la moshi, kwani hakifanyi kazi mpaka kipate moto sana. Basi sisi tuwashao gari uani dakika kumi, watoto wakingoja kando kupelekwa madrasa, twawavutisha moshi mchafu kuliko wote. Injini hupata joto upesi zaidi ikiendeshwa taratibu.