Kalamu ya Bwana Shamba: Chuo Kikuu ni mali ya nani?



Mwezi huu tuiache kidogo mbolea. Tuwaache na viwavijeshi. Tuzungumze juu ya Chuo Kikuu.

Utasema: "Bwana Shamba, mimi ni mkulima wa mahindi na kahawa hapa Mbozi. Chuo Kikuu kinanihusu nini?"

Kinakuhusu sana. Chuo cha umma kinaendeshwa kwa fedha za umma. Umma ni nani? Umma ni wewe na mimi. Ukinunua sabuni au saruji pale Tunduma, kodi imo ndani ya bei. Fedha hiyo hujenga barabara na hospitali. Fedha hiyo pia husomesha vijana.

Basi tujiulize maswali mawili. Nani analipa? Na nani anaamua?

CHUO KILIVYOANZA

Chuo hicho kilianza Dar es Salaam tarehe 25 Oktoba 1961. Kilianzia katika jengo la chama cha TANU, mtaa wa Lumumba. Wanafunzi hawakufika 20. Wote walisoma sheria. Mwaka 1964 chuo kilihamia Mlimani. Tarehe 1 Julai 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chuo kikuu cha kwanza cha taifa letu.

Nchi yetu ilikuwa maskini. Kumsomesha kijana mmoja kulihitaji jasho la wakulima wengi. Mwalimu Nyerere alimfananisha mwanafunzi na mtu wa kijiji chenye njaa. Wanakijiji wanampa chakula chao chote kilichobaki, ili apate nguvu ya kwenda mbali kuleta chakula kingine. Asiporudi, amewasaliti.

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana. Walipinga masharti ya kwenda Jeshi la Kujenga Taifa. Walipinga pia kulipwa sehemu tu ya mshahara wakati wa kulitumikia taifa. Karibu wanafunzi 400 walifukuzwa. Lakini Mwalimu hakuishia kwa wanafunzi. Alipunguza pia mishahara ya viongozi wa Serikali. Mshahara wake mwenyewe aliupunguza kwa asilimia 20. Yaani katika kila shilingi 100, aliacha shilingi 20.

Tunajifunza nini? Aliyesomeshwa na umma ana deni kwa umma. Na kiongozi anayelipwa na umma ana deni lile lile.

NANI ANAAMUA?

Mwezi Julai 1971 kulitokea jambo lingine. Makamu Mkuu wa Chuo alikuwa ndugu Pius Msekwa. Kiongozi wa wanafunzi alikuwa ndugu Symonds Akivaga, kijana kutoka Kenya. Miezi michache kabla yake, TANU ilikuwa imetoa Mwongozo wa mwaka 1971. Mwongozo ulisema kwamba viongozi wasiwe mabwana, na kwamba wananchi washirikishwe katika mambo yao.

Wanafunzi walisoma Mwongozo. Wakauliza: "Mbona hapa chuoni maamuzi yanafanywa bila sisi?" Akivaga aliandika barua ya wazi kumlalamikia Makamu Mkuu. Akafukuzwa chuo. Askari wenye silaha walimwondoa, akarudishwa kwao. Wanafunzi wenzake wakagoma kuingia madarasani.

Baada ya msukosuko huo, nafasi ya wanafunzi na walimu katika vikao vya chuo iliongezwa. Jambo lililoombwa kwa barua likapatikana, lakini baada ya ugomvi. Je, isingekuwa bora kusikilizana kwanza?

Siku hizi vyuo vikuu vinafuata Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005. Kila chuo kina Baraza la Chuo. Baraza husimamia fedha, mali na mipango. Kuna pia Seneti. Seneti husimamia masomo na mitihani. Wafanyakazi na wanafunzi wana wawakilishi wao katika vikao.

Jambo hili si geni kwako. Linganisha na kijiji chako. Kijiji kina Halmashauri yenye wajumbe 15 hadi 25. Juu yake upo Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao ni watu wote wenye miaka 18 au zaidi. Mkutano huo hukutana kila miezi mitatu, na husomewa mapato na matumizi. Usiposomewa, unauliza. Kuuliza si utovu wa adabu. Kuuliza ni haki.

Chuoni nako ni hivyo hivyo. Mwalimu anajua masomo. Mwanafunzi anajua bweni linalovuja na chakula kisichotosha. Serikali inajua mfuko una kiasi gani. Mzazi anajua ameuza nini ili mwanawe afike pale. Mmoja akiamua peke yake, atakosea mambo ya wenzake. Wote wakikaa pamoja, watapata njia.

NANI ANALIPA?

Zamani Serikali ilimlipia mwanafunzi wa chuo kikuu karibu kila kitu: ada, chakula, malazi na vitabu. Lakini uchumi ulipoyumba katika miaka ya 1980, mfuko ulipungua. Mabweni yalichakaa. Vitabu vilikuwa haba. Mwezi Mei 1990 wanafunzi waligoma, na chuo kikafungwa kwa miezi mingi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ukaja utaratibu wa kuchangia gharama. Mzazi alitakiwa kulipa sehemu. Mwaka 2004 ikatungwa sheria ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Bodi ilianza kazi mwezi Julai 2005. Kijana hukopeshwa na Serikali. Akipata ajira, hukatwa shilingi 15 katika kila shilingi 100 za mshahara wake, mpaka deni liishe. Mwaka 2021 Serikali iliondoa tozo ya shilingi 6 kwa kila 100 iliyokuwa ikiongeza deni hilo kila mwaka. Wengi walishukuru.

Fedha zinazorudishwa ndizo hukopeshwa vijana wengine. Ni kama mbegu ya akiba. Ukiila yote, msimu ujao utapanda nini?

Sasa ona jinsi maswali yetu mawili yanavyoshikamana. Posho ikichelewa, na hakuna anayeeleza sababu, uvumi huanza. Uvumi huzaa mgomo. Mgomo huzaa chuo kufungwa. Halafu ni nani anatafuta nauli ya kijana kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma, na nauli ya kumrudisha tena? Ni mzazi. Kwa hiyo hesabu ziwekwe wazi mapema. Na wanafunzi nao walete malalamiko kwa barua na kwa vikao. Mali ya chuo wasiiharibu, kwa maana imenunuliwa kwa kodi ya mama zao.

KAZI YETU HAPA SONGWE

Siku hizi vyuo vimetusogelea. Jirani zetu wa Mbeya wana Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia. Chuo hicho kilianza kama Chuo cha Ufundi mwaka 1986. Watoto wetu wa Ileje, Momba, Mbozi, Songwe na Tunduma wanaweza kufika. Basi tufanye haya manne:

1. Tuandae vyeti mapema. Kijana anayeomba mkopo anatakiwa kuwa na cheti cha kuzaliwa. Kama mzazi amefariki, kinatakiwa cheti cha kifo. Usingoje mpaka mtoto amalize kidato cha sita.

2. Viongozi wa vijiji na mitaa, tuandike kweli. Fomu ya mkopo hupita mikononi mwenu. Ukimwandika mtoto wa tajiri kuwa ni yatima, umemnyang'anya yatima wa kweli nafasi yake. Mtoto huyo wa maskini atarudi nyumbani na barua yake ya kukubaliwa chuo, aiweke chini ya godoro. Huo ni wizi, ingawa hukuvunja mlango.

3. Tuweke akiba. Mkopo mara nyingi hautoshi mahitaji yote. Kila mavuno, tenga magunia machache kwa ajili ya masomo kabla fedha haijaingia katika sherehe.

4. Tuulize. Muulize mbunge wako: vyuo vyetu vimetengewa fedha kiasi gani? Je, zimefika? Bajeti hupitishwa bungeni kila mwezi wa Juni. Mbunge alikuwepo, naye anajua.

Na kijana uliyeko chuoni, kama mzazi wako anakusomea ukurasa huu kwa simu, sikiliza. Soma kwa bidii. Sema kweli bila woga na bila matusi. Ukimaliza, lipa deni. Kijiji chako kilikupa chakula cha safari.

Chuo Kikuu ni mali ya nani? Ni mali yetu sote. Na mwenye mali huuliza habari za mali yake.

Mwezi ujao tutarudi shambani. Tutazungumza juu ya kukausha mahindi vizuri, ili yasioze ghalani.