Sindano na Kalamu Hazigombani

Wahenga walinena kwamba ujuzi hauzeeki. Hata hivyo, zingalipo nyumba nyingi ambamo mtoto apendaye kushona au kuchomelea vyuma huhesabiwa kuwa ameshindwa na masomo, na yule apendaye vitabu hudhaniwa hana haja ya kazi ya mikono. Mzazi afikiriye hivyo humnyima mwanawe nusu ya urithi.

Ulikuwapo mji wa Afrika ambamo elimu na kazi vilikaa pamoja. Mji huo ni Timbuktu, katika nchi ya Mali, ukingoni mwa jangwa la Sahara, kilomita chache tu kutoka Mto Niger. Chumvi iliufikia kwa ngamia kutoka kaskazini. Nafaka ilishuka kwa mitumbwi hadi bandari yake ya Kabara. Katika karne ya 16 wanafunzi walikusanyika kwa wanazuoni wa Sankore, na msafiri Leo Africanus aliandika kwamba biashara ya vitabu ilileta faida kuliko bidhaa nyingine zote. Kitabu cha historia kiitwacho Tarikh al-Fattash kinataja nyumba 26 za washonaji, kila moja ikiwa na fundi mkuu na wanagenzi 50 hadi 100. Miongoni mwa washonaji hao walikuwamo wasomi.

Mwaka 1591 majeshi ya Moroko yaliuteka mji huo. Baadaye mwanazuoni Ahmad Baba alikamatwa na kupelekwa Marrakesh, akapoteza vitabu vyake 1,600. Lakini kilichokuwa kichwani mwake hakikuweza kuporwa: alifundisha huko ugenini, kisha akarejea nyumbani mwaka 1608.

Habari hiyo yazihusu sana familia za askari, kwa kuwa nazo huhama kwa amri. Mathalani, mke wa askari aliyehamishiwa Rusizi, wilaya iliyomo katika eneo la Cyangugu ya zamani. Huko hakuna jangwa, bali kuna mto utokao Ziwa Kivu kwenda Tanganyika, na ng'ambo yake ni mji wa Bukavu. Shamba aliliacha nyuma, na wateja wake wa zamani vilevile. Akiwa na cherehani na mkasi, amekwisha kuwa na mwanzo. Lakini ni hesabu itakayomwonyesha kama gauni alilolishona limempa faida au hasara, na ni lugha itakayomwezesha kuelewana na mteja wa Kamembe na mgeni atokaye Kongo. Kiswahili, ambacho kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, ni mtaji katika mpaka huo.

Mto wenyewe watoa funzo. Kituo cha umeme cha Rusizi ya Pili, kilichoanza kazi mwaka 1989, kilijengwa kwa ajili ya Rwanda, Burundi na Kongo. Mitambo ya namna hiyo haiendeshwi na msomi asiyeweza kushika spana, wala na fundi asiyeweza kusoma mchoro.

Hivyo basi, yafaa mzazi afanye nini? Kwanza, asimwachishe mtoto shule ili ajifunze kazi. Saa za alasiri na siku za likizo zatosha kwa kuanzia. Pili, kabla ya kumkabidhi kwa fundi, aende mwenyewe kutazama. Je, wanagenzi hushika vyombo, au hufagia na kutumwa maji tu? Tatu, muda wa mafunzo na malipo yake viandikwe katika karatasi, pande zote mbili zitie sahihi. Nne, mtoto awe na daftari la kazi, aandike vipimo, bei ya vifaa na makosa aliyoyafanya. Daftari hilo litahama pamoja naye, hata fundi abaki nyuma.

Nyumbani nako, kijana wa kiume afundishwe kutia kifungo na kupiga pasi, na binti afundishwe kubadili fyuzi. Baba awapo zamu, mama asiachiwe peke yake jukumu hilo. Arudipo, akague daftari kama akaguavyo sare yake.

Siku ya kustaafu, sare hurudishwa ghalani. Ujuzi alioupata mtoto kwa macho na mikono utabaki nyumbani.