Mheshimiwa Spika, Waache Wavae Kaunda

Novemba 2023, Spika wa Bunge la Taifa la Kenya, Moses Wetang'ula, aliwatangazia wabunge kwamba suti ya Kaunda ni marufuku bungeni, pamoja na mavazi ya kiasili ya Kiafrika. Mwanamume anayetaka kuingia ukumbini avae koti, shati la mikono mirefu lenye kola, tai, suruali ndefu, soksi na viatu. Wiki mbili tu zilibaki tutimize miaka 60 ya uhuru, na mtu mzima aliyepigiwa kura na watu wake anaambiwa hawezi kuwasemea mpaka akaze kitambaa shingoni.

Ni aibu.

Suti yenyewe ina kosa gani? Kenneth Kaunda aliivaa katika miaka yake 27 ya urais wa Zambia, akapokea wafalme na marais akiwa ndani yake. Koti la mikono mifupi, mifuko ya nje, suruali ya kitambaa hicho hicho, pasi imenyooka. Hakuna kifua wazi, hakuna goti nje. Fundi wa mtaani huishona vizuri, na anayetoka Garissa au Mombasa haimchemshi kwa joto. Rais William Ruto mwenyewe alikuwa akiivaa mwaka ule ule kwenye shughuli za dola. Basi vazi linalomfaa mtu kuongoza nchi nzima halimfai mwingine kuuliza swali juu ya barabara ya kwao!

Tunaambiwa ni heshima ya Bunge, ni mila ya Bunge. Mila ya nani? Waliotuachia mila hiyo wameshailegeza. Juni 2017, John Bercow, Spika wa Bunge la Makabwela la Uingereza, alisema mbunge mwanamume anaweza kuzungumza bila tai. New Zealand, Februari 2021, mbunge Mmaori Rawiri Waititi alitolewa ukumbini kwa kuvaa kidani cha jadi yake badala ya tai. Hazikupita siku nyingi, sharti la tai likaondolewa. Na jirani zetu Watanzania? Mbunge huingia ukumbini Dodoma na kanzu yake, koti na kofia, na miswada inapita kama kawaida. Ni sisi tu tunaokaza fundo ambalo wenyewe wamelifungua.

Asinijie mtu kusema kwamba nataka tai ipigwe marufuku. Rais Mobutu alifanya hivyo Zaire. Aliwavua wanaume tai na koti la Kizungu, akawavika abakosti, koti lake la kuvaliwa bila tai, na hakulegeza mpaka 1990. Vijana wa Kinshasa walimjibu kwa suti za Paris, mwanamuziki Papa Wemba akiwa mbele yao. Tanzania nayo ilikuwa na Operesheni Vijana, iliyoanza Januari 1969 kuwinda sketi fupi na suruali za kubana. Mobutu alichukia tai, Wetang'ula anaidai, lakini dhuluma ni moja: mkubwa kumnyima mtu mzima haki ya kuuvika mwili wake mwenyewe.

Na dhuluma hiyo inashuka mpaka kwetu. Kijana mwenye rasta anasimamishwa barabarani kabla hajafungua mdomo. Mwenye kipuli anaulizwa kama ni mwanamume. Mwaka 2011 Mike Sonko, akiwa mbunge wa Makadara, alitolewa bungeni kwa sababu ya vipuli na miwani ya jua. Mtu unaweza kumpinga Sonko kwa mambo chungu nzima, na mimi nampinga, lakini sikio lake si mojawapo. Kashfa za ufisadi za Goldenberg na Anglo Leasing zilipita mikononi mwa wanaume wa suti na tai, na hakuna askari wa mlangoni aliyewarudisha nyumbani wakabadilishe nguo. Tumefundishwa kuikagua kola ya mtu na kuusahau mkono wake.

Waheshimiwa, mnalo la kufanya. Chagueni siku moja, ikiwezekana siku ya kusomwa bajeti, Juni, nchi nzima ikitazama. Anayependa Kaunda avae Kaunda, anayependa kanzu avae kanzu, shuka la Kimaasai liingie, na anayependa tai abaki na tai yake. Katiba inataka wabunge 50 ndani ya ukumbi ndipo kikao kiendelee. Spika na awatoe nje mmoja mmoja, tuone atabaki na wangapi.