Mionzi ya nyonga, damu ya mkononi

Mama yuko wiki ya tatu ya kupigwa mionzi ya nyonga kwa saratani ya mlango wa kizazi, na leo tena nesi amemtoa damu mkononi. Binti anauliza: ugonjwa uko huko chini, mkononi wanatafuta nini? Baba mdogo yeye ameshaamua. Mashine inakausha damu, shemeji apumzishwe.

Jibu la binti lilianza kuonekana kwa panya. Mwishoni mwa miaka ya 1940, daktari Leon Jacobson wa Chuo Kikuu cha Chicago aliwapiga panya eksirei kwa kiwango cha kuua, lakini baadhi yao alikinga bandama peke yake kwa risasi, madini mazito yanayozuia mionzi. Wengi wa waliokingwa walipona. Wasiokingwa karibu wote walikufa. Bandama ya panya hutengeneza damu hata ukubwani, na kiungo hicho kidogo kilitosha kuufufua uboho wa mifupa iliyopigwa. Jacobson alidhani bandama inatoa kemikali fulani. Miaka ya 1950 ikathibitika kuwa ni chembe hai, zinazosafiri na damu na kwenda kuota kwingine.

Mtu mzima hutengeneza damu ndani ya mifupa: nyonga, uti wa mgongo, mbavu, kidari, fuvu. Nyonga ina sehemu kubwa ya uboho huo, ndiyo maana mionzi ya hapo hufuatiliwa kwa vipimo vya damu. Zinazoumia zaidi ni chembe changa zinazogawanyika. Chembe nyekundu zilizokomaa huendelea kuzunguka, maana huishi siku 120 hivi. Kwa hiyo chembe nyeupe hutangulia kushuka, nyekundu hufuata polepole. Mifupa isiyoguswa huongeza kazi kufidia, ingawa huelemewa kwa mama aliyekwisha kupoteza damu nyingi kwa ugonjwa wenyewe, au anayepewa dawa za saratani pamoja na mionzi.

Baba mdogo hajakosea kabisa, basi. Ila damu ikishuka, daktari anaweza kumwongezea mgonjwa, wakati siku za mionzi zinazokatizwa nyumbani hupunguza nafasi ya kupona. Mama akihema kwa kutembea hatua chache, akipata kizunguzungu, homa au akitokwa damu, nesi aambiwe siku hiyohiyo, asisubiri kipimo cha wiki ijayo.