Safari Ikigeuka, na Posho Igeuke

Ndugu wanachama,

Leo twataka kusema juu ya jambo linalojulikana na kila dereva na kila taniboi, nalo ni safari zinazogeuzwa njiani. Mtu hutoka Mombasa ameambiwa ashushe mzigo Nairobi kisha arudi. Akiisha kushusha, simu inalia: usirudi, pakia mzigo wa Eldoret. Afikapo Eldoret aambiwa: ngoja hapo hapo. Asubuhi yake: nenda Malaba, mwenzako ameugua, chukua lori lake ulifikishe Kampala. Aliyeaga nyumbani kwa siku 3 anarudi baada ya siku 11, na shati ni lile lile.

Hatusemi kwamba kugeuza safari ni kosa. Kazi yetu ni ya bandari na barabara, na vitu hivi viwili havina ahadi. Meli huchelewa, mvua hukata barabara, mpaka hujaa malori. Mwaka 2018 reli mpya ilipoanza kubeba kontena, mizigo mingi ilipelekwa kwa reli hadi Embakasi, na wengi wetu tukakuta kazi imehama. Mwaka 2022 amri ikageuzwa, mizigo ikaruhusiwa kutolewa Mombasa tena. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipoingia, tulipanga foleni Malaba na Busia, tukapimwa, tukangoja majibu siku nyingi tukilala ndani ya malori. Januari 2022 Uganda ikataka tupimwe tena, madereva wakagoma, na foleni ikawa ndefu kupita kiasi. Nani katika sisi aliyepanga mambo hayo? Hakuna. Lakini tuliyapita, kwa kuwa tuligawana maji na unga, na aliyekuwa na jiko aliwapikia wasio nalo.

Kwa hiyo dereva asiyekubali kugeuka hafai barabara hii. Na twawashauri vijana walioanza kazi juzi: usitoke nyumbani na nguo za siku 2 tu, hata kama safari ni ya siku 2. Weka fedha kidogo kando, mahali usipopaguza kwa chai na sigara. Hati zako zote ziwe tayari, na ya kuvukia mpaka iwe haijaisha muda wake, hata kama hukuambiwa utavuka. Mkeo na watoto waambie siku ya kuondoka. Siku ya kurudi usiwaapie. Dawa unayotumia kila siku ichukue ya kutosha na kuzidi. Mambo haya ni madogo, lakini ndiyo yanayomtenga dereva mzima na dereva anayelialia njiani.

Basi hayo ni yetu. Sasa tuseme ya matajiri.

Safari inapogeuka, gharama haipotei. Lazima mtu ailipe. Chakula cha siku 8 zilizozidi ni cha nani? Maegesho ya usiku ni ya nani? Mwanachama mmoja wa tawi letu alipewa posho ya siku 3, naye akakaa njiani siku 11. Alikula kwa kukopa kwa mama wa hoteli, akamwachia simu yake kama rehani. Aliporudi na kudai, karani alimwuliza: "Karatasi ya kukutuma Kampala iko wapi?" Karatasi haikuwapo, kwa kuwa alitumwa kwa mdomo. Posho haikulipwa, na mama wa hoteli alilipwa kutoka katika mshahara wa mwezi. Nyumbani karo ya mtoto ikakosekana. Tajiri aligeuza safari, mtoto akarudishwa kutoka shule.

Kuna hatari kubwa kuliko hiyo. Mzigo wa kwenda nchi za nje hufungwa kufuli ya forodha inayoonyesha lori lilipo, na njia yake imewekwa. Mtu wa ofisini akikupigia simu uache njia hiyo, na karatasi hazijageuzwa, atakayeshikwa ni wewe uliye kwenye usukani. Yeye amekaa kwenye kiti chake, na simu haina sahihi. Tena mwenye kugeuzwa usiku, baada ya kuendesha mchana kutwa, anaambiwa afike kabla ya alfajiri. Mteremko wa Salgaa twaujua sote, na makaburi yake twayajua. Usingizi haujui kwamba mwenye mzigo ana haraka.

Hapo ndipo tunaposema kwamba kuwa mwepesi si kuwa bendera. Bendera hufuata upepo. Sisi tufuate kazi. Dereva mwepesi hubadili njia, saa na mzigo. Habadili sheria, wala habadili haki yake ya kula na kulala.

Sheria nayo haikunyamaza. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 10, yataka mambo makuu ya kazi yaandikwe: kazi yenyewe, mshahara, saa, na mahali pa kazi, na kama kazi ni ya mahali pengi, hilo nalo lisemwe. Mambo hayo yakibadilishwa, tajiri ashauriane na mfanyakazi na amjulishe kwa maandishi. Kifungu cha 27 chatoa siku 1 ya kupumzika katika kila siku 7. Hakikusema "isipokuwa madereva wa malori."

Kwa hiyo twawaomba matajiri mambo manne, na hakuna hata moja linaloshinda uwezo wao. La kwanza, kila safari ikigeuzwa, agizo liandikwe, hata kama ni kwa ujumbe wa simu, na jina la aliyetoa agizo liwemo. La pili, posho ya siku zilizozidi itumwe siku ile ile. Ikiwa mtu aweza kupelekewa agizo Malaba kwa simu, na fedha zake zaweza kumfikia Malaba kwa simu. La tatu, asiamrishwe mtu kuendelea kabla hajalala. La nne, siku za kupumzika zilizoliwa na safari zirudishwe, zisihesabiwe kuwa zawadi kwa kampuni.

Sisi nasi tusijifiche. Wako wenzetu wanaosema foleni ni ndefu, kumbe wamelala kwa marafiki. Wako wanaopokea agizo la hatari wakinyamaza, halafu wanakuja kwa Chama wakilia. Mwongo mmoja huwafanya makarani wasiamini watu 20 wakweli. Tena mwenye kunyamaza humfundisha tajiri kwamba jambo hilo linawezekana.

Basi, ndugu, anzeni leo. Nunueni daftari dogo, litiwe ndani ya lori. Kila simu inayogeuza safari iandikwe: siku, saa, mahali, na jina la aliyepiga. Kisha mtumie huyo aliyepiga ujumbe mfupi: "Nimepokea agizo la kwenda mahali fulani, naomba posho ya siku kadha." Hiyo si jeuri, ni hesabu. Ukirudi, lete daftari lako ofisi ya tawi. Daftari moja karani aweza kulitupa. Daftari 50 zikiwekwa mezani siku ya mazungumzo, hazitupiki.

Tupo tayari kugeuka saa yoyote ya mchana na usiku. Twataka tu tusigeuke peke yetu.

Umoja ni nguvu.

Kamati ya Tawi